Ndama Hakula Ukurasa

Ndama hakula ukurasa ule. Naandika sentensi hii nikiwa na akili zangu zote, mwanamke mwenye miwani ya kusomea na miwani nyingine ya kuitafutia hiyo ya kusomea, baada ya kukana miaka nenda miaka rudi mbele ya ukoo mzima. Nimekana kwenye harusi, nimekana kwenye kipaimara, nimekana hata msibani nikiwa nimeshika sahani ya pilau. Kila mara Shangazi Ndeshi aliponigeukia na kuuliza, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Eti Aika, ule ukurasa ulikwenda wapi?" nilijibu vilevile: "Ndama aliula, Shangazi." Ndama mwenyewe alishakuwa ng'ombe, akazaa, akazeeka, akaliwa. Namsafisha jina akiwa hayupo. Lakini mtu asije akadhani naomba radhi. Nakiri tu. Ningerudishwa siku ile, na ukurasa uleule ukakosekana, ningefanya vilevile na ningemsingizia ndama yuleyule.

Kilichonichokoza ni harufu. Hivi karibuni nilialikwa Moshi mjini kuzungumza na wanafunzi wa sekondari juu ya raha ya kusoma. Huwa naalikwa kwenye mambo kama hayo kwa sababu nimefika chuo kikuu, nimeandika insha ambazo watu huzisifu bila kuzimaliza, na sijui kukataa. Nje ya ukumbi mtu alikuwa ameanika kahawa kwenye turubai, kahawa iliyotoka kuoshwa, na upepo ukaingiza dirishani ule uchachu wake, kama uji uliolala kwenye chungu, wenye udongo na utamu kwa mbali. Harufu ya kahawa ya kwenye kikombe inajulikana na kila mtu. Hii inajulikana na waliokulia kihambani, kwenye shamba la nyumbani kule mlimani. Nilikuwa bado naivuta puani msichana wa safu ya mbele aliposimama na kuuliza, "Madam, ni nini hasa kinafanya kitabu kiwe kitamu?"

Nikamjibu kuhusu uwiano wa fani na maudhui. Msichana akainama, akaandika nilichosema neno kwa neno. Sijawahi kupewa adhabu kali kuliko ile. Jibu lenyewe nilikuwa nalijua tangu nikiwa na miaka kumi, na lilikuwa linanukia pale dirishani.

Nililelewa na babu na bibi huko Old Moshi, kwenye kihamba kilichojaa migomba na mibuni kiasi kwamba mvua ikiacha kunyesha, majani yaliendelea kutunyeshea peke yao. Wazazi wangu walikuwa walimu, wamepangiwa shule za mbali, na mimi niliachwa mlimani kama mtu anavyoacha koti kwa jirani. Nyumbani tulikuwa wanne: Babu, aliyekuwa mzee wa kanisa, Bibi, aliyekuwa bosi wa mzee wa kanisa ingawa haikutangazwa, Shangazi Ndeshi, mdogo wa baba, msichana aliyemaliza darasa la saba na kupanga kutompendeza mtu yeyote, na mimi. Ukimhesabu ndama, tulikuwa watano.

Kahawa ikishakauka kichanjani, kabla haijapelekwa chama cha msingi, lazima ichambuliwe. Unamimina punje kwenye ungo, unatoa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na zile nyeusi zinazojificha katikati ya nzuri. Ni kazi ya macho na vidole. Masikio hayana kazi, na mdomo ukipewa nafasi hugeuka wa umbea. Babu hakutaka umbea kwake. Kwa hiyo alitoa agizo kwamba mtoto anayejua kusoma awasomee wanaochambua. Hivyo ndivyo nilivyoondolewa kwenye ungo. Watu wengine huingia kwenye vitabu kwa kiu ya maarifa. Mimi niliingia kwa uvivu, na sioni haya.

Wasikilizaji wangu walikuwa watatu: Bibi, Shangazi na jirani yetu Mama Sifaeli, ambaye alikuja na ungo wake mwenyewe kwa sababu hakuuamini wetu. Babu ndiye aliyechagua cha kusoma. Alikuwa na kijitabu cha kanuni za kilimo bora na kingine kuhusu ujenzi wa choo. Nilisoma juu ya magonjwa ya mibuni, chulebuni na kutu ya majani. Nilisoma juu ya umbali kati ya choo na kisima. Na mikono ya wale wanawake ilikimbia! Vidole viliruka kwenye nyungo kama vya mtu anayedonoa pamoja na kuku. Jioni Babu alipita, akatazama lundo la kahawa safi, akaniwekea mkono kichwani. "Aika," akasema, "leo umesoma vizuri sana."

Mtoto akisifiwa hujenga nadharia. Yangu ilikuwa kwamba kitabu kizuri ni kile kinachofanya mikono iende. Mikono ikiwa mbio, kitabu kinapendwa. Mikono ikisimama, msomaji ameharibu. Nilikisoma kipengele cha samadi kwa hisia ambazo sikuzitumia tena, hata siku ya kufunga ndoa.

Kisha Shangazi akarudi kutoka Kiboriloni, alikokuwa akiuza ndizi zetu siku za soko, na kitabu kisicho na jalada.

"Umekitoa wapi hicho?" Bibi akauliza.

"Kwa muuza karanga. Alikuwa anakichana atengenezee vifuko. Nimemwambia, jamani, hiki kina watu ndani, usiwachane. Nipe, chukua ndizi."

"Ndizi zangu?"

"Zako, Mama. Utazisikia."

Jalada halikuwepo, na pamoja nalo jina la kitabu na jina la aliyekiandika. Kwetu kiliitwa Kile Kitabu. Kilianza na mwanamke anayeitwa Rehema, fundi wa kushona, anayerudi nyumbani kutoka msibani na kukuta sakafuni alama nne za miguu ya cherehani yake. Cherehani haipo. Mume hayupo. Mdogo wake wa kike, ambaye alikuwa anakaa naye, hayupo. Zimebaki alama nne tu kwenye saruji, na kipande cha uzi mwekundu.

Nilipofika kwenye uzi mwekundu niliinua macho na kuona mikono imesimama, yote. Mama Sifaeli alikuwa ameshika punje moja hewani kama anayetaka kuipeleka kinywani. Nikajua nimeharibu, nikafunua kurasa mbili kwa mpigo ili nitoke kwenye hatari ile, nikaanza kusoma kwa kasi mahali ambapo Rehema alikuwa tayari ndani ya basi.

"Ngoja, ngoja!" Shangazi akadakia. "Amepandaje basi? Si alikuwa nyumbani? Umeruka!"

"Nimeona mmechoka."

"Nani kachoka?"

"Mikono imesimama," nikasema, nikitaka kulia.

Wote watatu wakaitazama mikono yao kana kwamba kuna mtu aliyeiweka pale bila kuwaambia. Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni, kwa hiyo alipotaka kusema jambo kwa usahihi alilisema Kichagga kwanza, kisha akalileta kwetu taratibu. "Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita akiwa na furaha, "rudi kwenye uzi. Mikono iache, si yako."

Siku hiyo nadharia yangu ilipinduka miguu juu, na hadi leo haijarudi ilivyokuwa. Kumbe mikono ilikimbia kwenye chulebuni kwa sababu watu walikuwa wanajitafutia pa kwenda. Mwili ukiwa umechoshwa hukimbilia kazi. Kitabu kilichowashika kweli kiliwanyang'anya vidole. Tangu hapo nilianza kusoma kwa jicho moja kwenye ukurasa na jingine kwenye nyungo, na nilijifunza mengi ambayo baadaye hakuna profesa aliyeweza kunifundisha. Nilijifunza kwamba maelezo ya machweo yanarudisha mikono kazini. Mwandishi akianza kutoa nasaha, mikono inarudi tena, na kwa hasira. Lakini mtu akifungua kabati asilotakiwa kulifungua, hata kama ndani mna sahani tu, mikono inasimama kwanza.

Kahawa nayo iliona tofauti. Babu alilipeleka gunia chama cha msingi kwa toroli, akiwa amevaa koti lake la kanisani, kwa sababu kwake kupeleka kahawa ilikuwa nusu ya ibada. Mpimaji akazamisha mkono katikati ya gunia, akatoa kiganja, akakitazama, kisha akamtazama Babu. Akasema gunia lirudi nyumbani likachambuliwe upya. Alisema hivyo mbele ya foleni ya wanaume aliosali nao kanisani na aliokuwa akiwaonya kila mwaka juu ya uvivu.

Alirudi na gunia lake na uso wake. Hakupiga kelele. Aliingia palipokuwa na nyungo, akanyoosha mkono, nikampa kitabu, akakitia kwenye mfuko wa koti. "Kitabu kizuri," akasema, "hakimwachishi mtu kazi." Kisha akalitundika koti lake ukutani chumbani kwake, Kile Kitabu kikiwa mfukoni, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Tukarudi kwenye kilimo bora. Gunia likachambuliwa upya, likapokewa, na Babu akanisifu tena. Mama Sifaeli akakumbuka kwamba ana kazi nyingi kwake. Shangazi alichambua kwa kutupa punje badala ya kuziweka. Bibi alikaa kimya siku nyingi, kimya cha mtu anayehesabu kitu moyoni, mpaka alasiri moja nilipokuwa katikati ya kutu ya majani akaukung'uta ungo, akauweka chini.

"Yule mtoto wa watu tumemwacha stendi," akasema.

Ilikuwa kweli. Rehema tulikuwa tumemwacha kwenye stendi ya basi, mvua inanyesha, ana anwani kwenye kipande cha karatasi, amebakiza mtaa mmoja tu kuwafikia waliomwibia.

"Ana baridi," Bibi akaendelea, "na sisi tumekaa hapa tunasoma magonjwa ya miti." Akainuka, akaenda mpakani mwa kihamba, akarudi na jani la isale.

Kwa wasiotoka mlimani: isale hupandwa mipakani na penye makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu kosa ambalo maneno peke yake hayalibebi, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Anayeletewa hana njia nyingine ila kusamehe, na anayekataa isale watu humtazama kwa jicho jingine hadi anazikwa. Ugomvi wa damu umemalizwa kwa jani lile. Mabinti waliotoroka wamerudi kwao kwa jani lile. Bibi yangu, ambaye katika ndoa yake yote nilikuwa sijasikia akimwomba mumewe chochote, alilifunga fundo kwa ajili ya hadithi iliyookolewa kwenye karanga.

"Mpelekee mume wetu," akaniambia. "Kwa mikono miwili. Mwambie tumemkosea, tumemwaibisha kule kwenye chama, tunaomba atusamehe."

"Shangazi asiende?"

"Shangazi yako ataongeza maneno."

Nilimkuta Babu kwenye kigoda karibu na zizi, ananoa panga. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Kisha akaliona jani, na panga likatulia juu ya jiwe. Nikasema niliyotumwa. Alinisikiliza bila kupepesa. Mtu aliyeishi kwa heshima ya kanisa na kwa heshima ya mlima alikuwa ameshikwa na vyote viwili kwa pamoja.

"Mwambie Bibi yako nimesamehe," akasema, akalipokea.

Sikuondoka.

"Mbona umesimama?"

"Bibi amesema ukishasamehe, nisimame hapahapa mpaka utoe kilichomo kwenye koti."

Babu akaigeukia nyumba, akamwita Bibi. "Mama Eliya!"

"Abee!" ikatoka jikoni, upesi mno kwa mtu aliyekuwa anamenya ndizi.

"Unachezea isale? Kwa kitabu cha karanga?"

"Isale ni kwa ajili ya kosa, na kosa tumekiri. Unakataa?"

Kuku walipita. Ndama akakohoa. Babu aliligeuza lile jani mkononi, upande huu, upande ule. Hatimaye akaingia ndani, akatoka na kitabu, lakini hakunipa mara moja. "Kimalizeni," akasema, "na kahawa iwe safi. Na wewe, mkishamaliza, uje hapa unisimulie mwisho wake. Nataka nijue jani la wazee limenunua nini."

Nadhani sasa unaelewa nilikuwa nimebeba nini nilipokaa kusoma. Kama mwisho ungekuwa wa hovyo, Babu angekuwa sahihi, na Bibi angekuwa mwanamke aliyetupa isale. Jambo kama hilo lingemfuata hadi kwenye mlango wa kanisa.

Mama Sifaeli alirudi na ungo wake bila kuitwa, sijui alipata habari wapi. Tulimtoa Rehema stendi. Akatembea kwenye matope, akauliza njia kwa muuza mkaa, akafika kwenye nyumba ya bati. Na kutoka ndani akasikia cherehani inaimba, na akaitambua sauti yake, kwa sababu ilikuwa ni yake, yenye kilio kidogo kila gurudumu lilipokamilisha mzunguko. Akaweka mkono kwenye mlango.

Nikafunua. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na uzi wa kushonea kitabu na ukingo uliochanika. Muuza karanga alikuwa ameanza kuchana kote kuwili, na mwisho wa Rehema ulikuwa umeshaondoka Kiboriloni ukiwa umefungia karanga za mtu.

Niliinua macho. Mikono yote ilikuwa imesimama. Bibi alikuwa ameinama mbele, mdomo umefunguka kidogo, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na uso wa msichana, ila alikuwa ameuhifadhi. Nikainama tena kwenye ule ukingo uliochanika, nikaendelea kusoma.

"Mlango ukafunguka," nikasoma. "Rehema akaingia akasema, Bwana asifiwe. Akawasamehe wote, wakapiga magoti, wakaomba."

Mkono wa Bibi ukaingia kwenye ungo. Mama Sifaeli akatoa punje nyeusi, akaitupa. Nikaelewa ninakwenda kubaya.

"Lakini hayo," nikasoma haraka, "aliyawaza tu akiwa bado mlangoni."

Mikono ikasimama. Ah! Sijawahi kuandika sentensi nzuri kuliko ile tangu siku hiyo, pamoja na shahada zangu zote. Nikamwingiza Rehema ndani. Mume nikamtoa, nikasema amekwenda kunywa. Mdogo wake nikamweka kwenye cherehani, anashona shati la mume, amekonda, mshono wake umepinda. Rehema akamwambia, "Inuka." Mdogo mtu akainuka. Rehema akakaa, akautazama ule mshono, akaufumua, akaushona upya ukanyooka, kwa sababu hakuweza kuona kazi mbaya ikitoka kwenye mashine yake. Akamaliza mkono mmoja wa shati. Akasimama, akaivua ile mashine kutoka kwenye meza yake, akajitwika kichwani, akatoka.

"Na mdogo wake?" Bibi akauliza kwa sauti ndogo. "Amemwacha kwa yule?"

Kitabuni hapakuwa na jibu. Lilikuwa usoni pake. "Alipofika barabarani," nikasoma, "Rehema akasikia nyayo nyuma yake. Hakugeuka. Alisema tu, beba ile meza. Wakaondoka wawili, mmoja na mashine, mmoja na meza, na hawakusemeshana mpaka walipovuka mto. Jioni mume akarudi akakuta sakafuni alama nne, na kitandani shati lenye mkono mmoja."

Nikafunga kitabu. "Mwisho," nikasema.

Bibi alipiga makofi mara moja, pa! kisha akajishika mdomo. "Mae! Mkono mmoja!" Akacheka mpaka machozi. Mama Sifaeli akasema yule mume alistahili hata huo mkono asiachiwe. Nilipomsimulia Babu, alisikiliza hadi mwisho akiwa amelitazama jiwe lake la kunolea, kisha akauliza, "Akalivaa?" Nikasema kitabu hakikusema. Akatikisa kichwa taratibu, akasema hiyo ndiyo kasoro yake, lakini si kitabu kibaya.

Kesho yake Shangazi alikuja nyuma ya zizi amekishika Kile Kitabu, kimefunguliwa mwishoni. "Aika. Kinaishia mlangoni."

Nyuma yangu ndama alikuwa anatafuna kitu. Mungu anisamehe, alikuwa anatafuna kitu. Mengine unayajua.

Nilishikilia kwa sababu ya Bibi. Yeye aliusimulia ule mwisho popote alipokaa na wanawake, kwenye kikundi cha kanisa, penye kupeleka maziwa, kwenye vitanda vya waliojifungua. Miaka mingi baada ya kumzika, nilikuwa nimekaa kwenye foleni ya hospitali pale Mawenzi, nikamsikia mama nisiyemjua akimwambia mwenzake habari za mwanamume mmoja aliyekuta shati lenye mkono mmoja. Yule mwenzake alipoitwa jina lake akaomba mwingine atangulie. Nilinyamaza, lakini sitawadanganya, nilinyamaza kwa majivuno.

Ila nilipokuwa chuoni sikukitaja Kile Kitabu. Chuoni tuliulizwa kila mmoja ataje kitabu kilichomfanya msomaji, na wenzangu wakataja vitabu vizito, na mimi nikataja kizito kuliko vyao, ambacho wakati huo nilikuwa nimekisoma jina tu, mgongoni mwa jalada. Mhadhiri wetu alikuwa na neno "chepesi", na alilitamka kama anayetoa unywele kwenye supu. Alisema kitabu kizuri ni kile kinachokupa kazi. Nikaandika, neno kwa neno, kama yule msichana. Nilimfananisha na Babu, ila Babu alipoletewa jani aliweza kubadilika.

Basi niseme sasa ambacho nilipaswa kumwambia msichana yule. Kitabu kitamu ni kile kinachokuachisha kazi. Kinakufanya uunguze maharage na usijutie maharage. Anayekiandika lazima awe na jicho moja kwa Rehema na jingine kwa Bibi, na Bibi akirudisha mkono kwenye ungo, mwandishi ajue kosa ni lake. Waniite mwepesi. Nimesoma vitabu vingi vilivyonifanya nijione mwerevu na nisikie usingizi kwa wakati mmoja, nimevisifu hadharani, na sina mpango wa kuvifungua tena. Maisha yaliyobaki nataka niyapoteze vizuri.

Hayo yote nilikuwa nayafikiria bila ujasiri wa kuyaandika, mpaka Jumamosi iliyofuata ziara ile ya Moshi, simu ilipolia nikiwa nafua. Alikuwa Shangazi Ndeshi, ambaye sasa ni bibi wa watu na ana kibanda chake cha mitumba Kiboriloni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umesimama? Kaa chini."

Kwetu simu inayoanza hivyo inaleta msiba. Nikakaa juu ya ndoo.

"Nimekipata," akasema.

"Nini?"

"Kile Kitabu. Kizima, na jalada lake. Kuna mama jirani yangu hapa analetewa vitabu vilivyotumika. Nimekifunua tu, nikaona alama nne sakafuni."

Mapovu yalikuwa yananikaukia mikononi. "Umesoma mwisho?"

"Nimefunga kibanda, nimesoma." Akavuta pumzi. "Anafungua mlango. Mume yupo ndani. Analia, anapiga magoti. Rehema naye analia. Mdogo wake anafukuzwa, anaondoka na kanga moja, hatusikii tena habari zake. Halafu unajua Rehema anafanya nini?"

"Anafanya nini?"

"Anamchemshia chai! Aika! Mtu amelala stendi, amekanyaga matope, ameisikia mashine yake kwa masikio yake, anaingia anamchemshia chai! Na kinaishia hapo. Wanakunywa!"

Alikuwa na hasira ya kweli. Nikaona hakuna faida tena. "Shangazi," nikasema, "ndama hakula ukurasa."

"Ndama nilikuwa nimemfunga mimi mwenyewe siku ile, upande wa pili. Unadhani sikujua?"

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unaniuliza nini?"

"Nilikuwa naogopa," akasema, "kwamba mahali fulani kuna mwisho mwingine, mzuri kuliko wako, na mama amekufa hajausikia."

Nilisikia soko lote la Kiboriloni nyuma yake, mtu ananadi mashuka.

"Haya," akasema, sauti yake ikiwa imerudi kuwa ya Shangazi. "Nisomee."

"Nikusomee nini? Kitabu unacho wewe."

"Nimeshakifunga. Anzia pale mlangoni."